Volti 9, 12, 18 na AC kwenye ubao mmoja: uchague umeme gani wa pedali za gitaa?

Ubao wenye pedali tano za volti 9 haumsumbui mtu. Shida huanza siku unapoongeza flenja (pedali ya kupeperusha sauti) ya volti 18, au dilei (pedali ya mwangwi) iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani pamoja na adapta yake ya AC, halafu ukakuta taa haiwaki, amplifaya inavuma, au harufu ya kuungua imejaa chumbani. Njia za kulisha ubao wa namna hiyo ni nne: betri, adapta moja yenye waya wa mnyororo, pawasaplai ya matundu yaliyotengwa, na umeme wa akiba wa pawabenki au UPS ndogo (kisanduku cha betri cha kuendesha ruta umeme ukikatika). Tutazipima zote kwa vigezo vilevile na kwa ubao uleule.

Ubao wenyewe tumeuchagua makusudi uwe mkorofi:

- Ibanez TS9 (pedali ya mkwaruzo mwepesi): DC volti 9, hasi katikati, huvuta chini ya miliampea 10.
- Fuzz Face (pedali ya fazi, yaani mkwaruzo mzito) ya mtindo wa 1966 yenye transista za gemaniamu aina ya PNP: betri ya volti 9 tu, na chanya ndiyo ardhi yake, yaani waya wa pamoja wa sakiti.
- MXR M117R Flanger: DC volti 18.
- Strymon TimeLine (dilei ya kidijitali): DC volti 9, miliampea 300.
- Line 6 DL4 ya toleo la kwanza (1999), nayo ni dilei: AC volti 9, kwa adapta yake yenyewe.

Wachache wana ubao kama huu, lakini wengi wana angalau pedali moja korofi kama hizi.

Vigezo: soma kibandiko kwanza

Karibu na tundu la umeme la kila pedali, au chini yake, kuna maandishi madogo. Kabla hujanunua chochote, yaandike yote kwenye karatasi, pedali moja mstari mmoja.

Volti lazima zilingane. Pedali ya volti 9 ikipewa 18 mara nyingi hufa, kwa sababu kapasita nyingi ndani yake zimetengenezwa kuhimili volti 16. Zilizo dhaifu zaidi ni zile zenye IC (chipu) ya kujipandishia volti ndani. IC ya MAX1044 kikomo chake ni karibu volti 10, ndiyo maana Klon Centaur haitakiwi kupewa zaidi ya 9. Pedali za kidijitali nazo hushusha volti 9 hadi 5 au 3.3 kwa regyuleta (kidhibiti volti), na kila volti ya ziada unayoingiza inageuka joto. Kinyume chake hakina madhara makubwa: pedali ya volti 18 ikipewa 9 haiungui, ila itatoa sauti iliyobanwa au itakaa kimya. Chache, kama Fulltone OCD, zinaruhusu kuanzia 9 hadi 18. Hapo uamuzi ni wa masikio yako. Kwenye 18 sauti inabaki safi kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kukwaruza.

Mkondo, yaani miliampea, hauhitaji kulingana. Unahitaji kutosha tu. Pedali huvuta kiasi inachotaka, kwa hiyo adapta ya miliampea 2000 haiwezi kuidhuru pedali ya miliampea 10. Jumlisha mahitaji ya pedali zote, kisha ongeza robo yake. Adapta inayofanya kazi kwenye kikomo chake hupata joto, volti zake hushuka, na dilei ya kidijitali huanza kujizima na kujiwasha katikati ya wimbo.

AC na DC hazibadilishani. Alama ya wimbi ni AC. Mstari mnyoofu wenye vistari vifupi chini yake ni DC.

Ncha, yaani chanya na hasi ziko upande gani, nazo huua pedali nyingi. Kawaida ya pedali ni hasi katikati, kwa kichwa cha milimita 5.5 nje na 2.1 ndani. Adapta za ruta na za ving'amuzi huwa na kichwa kilekile, volti 9 au 12, lakini chanya iko katikati, na kinaingia kwenye pedali bila kipingamizi chochote. Pedali nyingi za analojia zina diodi ya ulinzi inayojitoa mhanga ncha zikigeuka: inafanya shoti na kuungua yenyewe. Kwa fundi, kubadilisha 1N4001 ni kazi ndogo. Njia nyembamba ya shaba kwenye bodi ikiungua pamoja nayo, si ndogo tena. Pima kabla ya kuchomeka: weka multimita kwenye DC volti 20, ncha nyekundu ndani ya kichwa cha adapta na nyeusi ubavuni kwa nje. Hasi ikiwa katikati, namba itatokea na alama ya kutoa mbele yake, kama −9.1.

Kelele. Pedali mbili zikishiriki ardhi kupitia waya wa umeme na tena kupitia waya wa sauti, unapata mzunguko unaonasa mvumo. Ukiongeza pedali ya kidijitali, mlio wa saa yake ya ndani unapita kwenye umeme huo huo hadi kwenye distoshani (pedali ya mkwaruzo), nayo inaukuza.

Umeme wa ukutani. Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, zote hezi 50. Adapta iliyoandikwa 100–240V haina neno. Iliyoandikwa 120V 60Hz peke yake, ukiichomeka hapa umeiua, na kibadilishi cha plagi hakiisaidii kwa sababu kinabadilisha umbo la miguu tu.

Betri za volti 9

*Volti tofauti.* Kila pedali ina chanzo chake, kwa hiyo hakuna kugongana. Fuzz Face yetu haijui njia nyingine, na hapa ndipo inapotulia. Volti 18 hupatikana kwa betri mbili mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. AC haipatikani kabisa, ingawa DL4 ya zamani ina nafasi ya betri nne za ukubwa wa C.

*Mkondo.* Betri ya alkalini ina takribani miliampea-saa 500. TS9 itakwenda nayo kwa makumi ya saa. Boss DD-7, dilei ya kidijitali inayovuta miliampea 55, kwa hesabu ya karatasini ingepata saa tisa, lakini itaanza kuyumba mapema kwa sababu volti hushuka kadiri betri inavyochoka. TimeLine ya miliampea 300 isahau.

*Kelele.* Hakuna njia safi kuliko hii: hakuna mvumo wa ukutani wala ardhi ya kushirikiana.

*Gharama.* Ndogo siku ya kwanza, kubwa mwaka mzima. Betri za kuchaji za NiMH hupunguza maumivu, ila nyingi zenye jina la volti 9 hutoa 8.4 na uwezo wake ni karibu nusu ya alkalini. Distoshani hailalamiki. Chuna (pedali ya kuwekea nyuzi sawa) inaweza kulalamika.

*Kinachoharibika.* Waya wa gitaa ukibaki kwenye tundu la kuingizia sauti, pedali inaendelea kula betri usiku kucha hata kama taa imezimwa. Tundu hilo ndilo swichi yake. Betri za kaboni za bei rahisi huvuja na kula shaba ya klipu, kwa hiyo zitoe kama ubao utakaa wiki kadhaa bila kuguswa. Pamoja na hayo, wapiga fazi wengi huzitafuta makusudi, maana upinzani wake wa ndani huilainisha sauti.

*Inamfaa* mwenye pedali mbili au tatu za analojia, anayerekodi, au mwenye fazi ya gemaniamu.

Adapta moja na waya wa mnyororo

Huu ni waya mmoja wenye vichwa vitano hadi nane, vyote vikitoka kwenye adapta moja. Truetone 1 Spot ndiyo inayojulikana zaidi: volti 9, miliampea 1700, na inakubali umeme wa 100 hadi 240.

*Volti tofauti.* Hapa ndipo inapoishia. Mnyororo una volti moja tu. Kwenye ubao wetu unalisha TS9 na TimeLine basi. Flenja inahitaji kiwaya cha kupandisha volti 9 hadi 18, ambacho kina kisakiti kidogo ndani. Kumbuka kinavuta kwenye mnyororo zaidi ya mara mbili ya mkondo unaotoka upande wa 18. DL4 inabaki na adapta yake.

Fuzz Face usiiunganishe kabisa, hata kwa kiwaya cha kugeuza ncha. Ardhi yake ni chanya na ya wenzake ni hasi; zikikutana kupitia ganda la waya wa sauti, ni shoti kamili. Adapta nzuri itajizima, adapta mbovu itaungua.

Kuna jambo moja ambalo mnyororo unalifanya vizuri kuliko pawasaplai ya bei kubwa. Pedali za zamani za Boss zenye maandishi ACA zilitengenezewa adapta ya volti 12, na ndani zina kisakiti cha kushusha volti hizo. Ukizipa volti 9 safi peke yake, taa inafifia na sauti inakuwa dhaifu. Kwenye mnyororo mmoja na pedali ya kisasa, ardhi inarudi kupitia waya wa sauti, inaruka kisakiti hicho, na pedali inaamka vizuri. Wengi wameipeleka ACA kwa fundi ikiwa nzima kabisa.

*Mkondo.* Mwingi. TS9, TimeLine na nyingine kumi ndogo hazifikishi 1700.

*Kelele.* Analojia tupu: mara nyingi kimya. Ukichanganya kidijitali na distoshani kali, tegemea mlio mwembamba usiokoma. Jaribu hivi: washa vyote, sikiliza, kisha chomoa dilei kwenye mnyororo na uilishe kwa adapta yake. Mlio ukitoweka, umempata mhalifu. Mpe adapta yake moja kwa moja.

*Gharama.* Ndogo kuliko pawasaplai kwa mbali.

*Kinachoharibika.* Vichwa visivyotumika vinavyoning'inia vikigusa fremu ya chuma ya ubao vinaweza kufanya shoti. Vivishe vifuniko au vizungushie utepe wa umeme. Adapta nzito za zamani zenye transfoma zisizo na regyuleta ni hatari nyingine: zimeandikwa 9, lakini bila mzigo multimita inaweza kuonyesha 12 hadi 14. Halafu adapta ikifa, ubao wote umenyamaza, kwa hiyo beba ya pili.

*Inamfaa* mwenye pedali nne hadi nane za volti 9, hasi katikati, nyingi zikiwa analojia, na korofi moja tu pembeni.

Pawasaplai ya matundu yaliyotengwa

Kila tundu lina chanzo chake, halishiriki ardhi na jirani. Neno la kuangalia sokoni ni kutengwa (isolated). Visanduku vingi vya bei nafuu vina matundu manane ya kuvutia, lakini ndani yake ni mnyororo uleule uliofichwa kwenye bati. Ijaribu ikiwa haijachomekwa ukutani: weka multimita kwenye mlio wa kupima waya na uguse ndani ya kichwa cha tundu la kwanza na ndani ya kichwa cha tundu la pili, maana hasi iko katikati. Ikilia, hayajatengwa.

*Volti tofauti.* Hii ndiyo kazi yake. Voodoo Lab Pedal Power 2 Plus ina matundu manane: mengi ni ya volti 9 na miliampea 100, mawili ni ya miliampea 250 na yanaweza kugeuzwa kuwa 12, na mawili hushusha volti hadi 4 kuiga betri iliyochoka. Strymon Zuma ina matundu tisa ya miliampea 500, mawili kati yake yakichaguliwa 9, 12 au 18.

Na kwa kuwa matundu yametengwa, unaweza kuyaunganisha. Mawili ya volti 9 kwa waya wa mfululizo yanatoa 18, na mkondo unabaki wa tundu moja. Flenja yetu imepona. Mawili kwa waya wa sambamba yanabaki volti 9 lakini miliampea zinajumlishwa: 250 mara mbili ni 500, TimeLine inatosheka. Waya hizi mbili zinafanana kabisa kwa nje. Weka alama ya rangi na upime kila mara, maana ukiipa TimeLine ule wa mfululizo umeipa volti 18. Kwenye matundu yasiyotengwa, waya wa mfululizo ni shoti.

Fazi ya chanya-ardhi pia inakubalika hapa, ikiwa imewekewa tundu la umeme, kwa waya wa kugeuza ncha na tundu lisilogawiwa mwingine. AC bado ni tatizo: pawasaplai nyingi hazina tundu la AC, na DL4 inabaki na adapta yake. DL4 MkII inatumia DC volti 9, miliampea 500. DigiTech Whammy (pedali ya kupandisha na kushusha noti kwa mguu) ya nne ilikuwa AC na ya tano ni DC, kwa hiyo kabla ya kuhangaikia umeme wa AC linganisha na bei ya kubadilisha toleo.

*Mkondo.* Angalia kila tundu, usiangalie jumla. Kisanduku cha jumla ya miliampea 1100 chenye matundu ya 100 hakiwezi kuwasha TimeLine kwa tundu moja.

*Kelele.* Ndogo sana, mradi kisanduku chenye transfoma kisikae chini ya pedali ya wa-wa. Koili yake hunasa mvumo wa sumaku hewani. Sogeza mmoja wao sentimita kumi na usikilize.

*Gharama.* Kubwa kuliko zote. Inaweza kuzidi bei ya pedali zote unazolisha.

*Kinachoharibika.* Zenye transfoma huuzwa kwa volti maalumu. Ya 120 iliyotumika Marekani haifai hapa. Kwenye inverta za bei nafuu zisizotoa wimbi safi, transfoma huunguruma na kupata joto. Zenye mfumo mwepesi wa kisasa zinavumilia zaidi.

*Inamfaa* mwenye volti mchanganyiko, kidijitali na distoshani kwenye ubao mmoja, au anayelipwa kupiga.

Pawabenki na UPS ndogo ya ruta

Mgao wa umeme umefanya vifaa hivi vijae madukani, na wapiga gitaa wamevigundua.

*Volti tofauti.* Pawabenki ya USB-C yenye chaji ya haraka ya PD hutoa 5, 9, 15 na 20, baadhi na 12. Volti 18 haimo. Unahitaji waya maalumu unaoiomba pawabenki volti 9. Waya usioelewana na pawabenki utakuachia 5, na wenye swichi iliyosogezwa kimakosa unaweza kutoa 20, kwa hiyo pima bila pedali kwanza. UPS ndogo za ruta zina matundu ya 9 na 12 pamoja, jambo zuri, ila karibu zote ni chanya katikati na matundu yake hushiriki ardhi. Ukigeuza ncha za yote mawili na kuyatumia kwenye ubao mmoja, hasi zao bado ni ardhi moja, kwa hiyo yahesabu kama mnyororo. Kila tundu litumie waya wa kugeuza ncha.

*Mkondo.* Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, yaani wati-saa 37. Toa asilimia 15 ya upotevu, gawa kwa volti 9: unabaki na ampea-saa tatu na nusu. Ubao wa miliampea 500 unapata karibu saa saba. Tatizo la ajabu ni mkondo kuwa mdogo mno: ukiwa na TS9 peke yake, pawabenki hudhani simu imejaa na inajizima. Pedali moja ya kidijitali kwenye mnyororo kwa kawaida huizuia isilale.

*Kelele.* Imekatwa na ukuta, mvumo wa hezi 50 hauna pa kuingilia. Ukiichaji huku unapiga, kelele inarudi. Ndani bado ni mnyororo, kwa hiyo mlio wa kidijitali unaweza kubaki.

*Gharama.* Ya kati, na pengine pawabenki unayo tayari.

*Kinachoharibika.* Waya wa USB unaolegea mguu ukigonga ubao. Ufunge kwa utepe.

*Inamfaa* anayepiga mahali umeme unakatika, mtaani, au kwenye jukwaa la jenereta inayopandisha na kushusha volti.

Kwa hali yako

Pedali zote ni volti 9, hasi katikati, na jumla haifiki miliampea 1000: mnyororo na adapta ya akiba.

Moja ni ya 18 na nyingine zote ni za 9: mnyororo pamoja na kiwaya cha kupandisha, au adapta ya pili ya 18. Zikiwa mbili au tatu za 12 na 18, bei ya viwaya na adapta inaanza kuikaribia pawasaplai, nunua pawasaplai.

Mlio mwembamba unasikika hata usipogusa nyuzi: toa pedali za kidijitali kwenye mnyororo kabla ya kununua chochote kipya.

Una fazi ya chanya-ardhi: betri ndani yake, hata kama nyingine zote ziko kwenye pawasaplai ya bei kubwa.

Una Boss ya ACA: mnyororo mmoja na Boss ya kisasa, au adapta yake ya volti 12. Tundu lililotengwa la volti 9 halitaifaa.

Kwaya au bendi inapiga palipo na mgao: pawasaplai au adapta kwa siku ya kawaida, pawabenki iliyojaribiwa nyumbani kwa ubao huohuo ikiwa mkobani, na adapta ya AC imebandikwa utepe mwekundu ulioandikwa jina la pedali yake, ili anayekusaidia kufunga vyombo asiichomeke kwenye TS9.